PETROLI YA BEI YA JUU NA MOTOKAA KUUKUU

Siku ya Jumamosi asubuhi, katika kota za askari, ndoo za maji hutolewa nje na motokaa huoshwa. Nyingi katika motokaa hizo ni kuukuu. Zimenunuliwa kwa akiba ya miaka, au kwa mkopo wa chama, au zimerithiwa kutoka kwa mjomba aliyestaafu. Na mahali palipo na motokaa kuukuu hapakosi mabishano. Mmoja husema kwamba gari la umri ule lahitaji petroli ya bei ya juu ili lirudishiwe nguvu zake. Mwingine husema kwamba huko ni kumwaga fedha barabarani. Wa tatu, ambaye kwa kawaida hana gari, ndiye ajuaye kuliko wote wawili.

Katika kota moja mjini Jinja aliishi sajini wa polisi mwenye Peugeot 504, gari ambalo Wafaransa walianza kuliuza mwaka 1968 na ambalo halikuchukua muda kupendwa katika barabara mbovu za Afrika. Sajini alilitunza gari lake kama alivyotunza sare zake. Lakini kila lilipopanda mlima, injini iligonga. Basi akaamriwa na marafiki, na akajiamrisha mwenyewe, kununua petroli kutoka pampu ya pili, ile ya bei ya juu. Kugonga kukapungua, ingawa hakukwisha, na kwa muda wa miezi mingi hakununua tena petroli ya kawaida.

Bibi yake ndiye aliyeshika daftari la nyumba. Mwanzoni mwa muhula wa shule aliketi mezani na kalamu, na fedha za karo ya mtoto wa tatu hazikutimia.

"Baba watoto," alisema, "gari hili linasoma kuliko watoto."

Sajini alijibu kwamba motokaa kuukuu ni kama mzee, haiwezi kulishwa chakula cho chote tu. Bibi hakubisha juu ya wazee. Aliuliza jambo moja tu: ile fedha ya ziada hununua kitu gani hasa? Sajini, ambaye kazini huuliza maswali ya namna hiyo kila siku, hakuwa na jibu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ikiwa lita moja ya petroli ya bei ya juu inazidi ile ya kawaida kwa shilingi 300, na gari linakunywa lita 160 kwa mwezi, ziada ni shilingi 48,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 576,000. Bei za pampu hubadilika mara kwa mara. Kila nyumba na iweke tarakimu zake yenyewe. Lakini daftari la bibi lilionyesha kiasi kisichopungua hicho, na kiasi hicho kingeweza kumaliza deni la shule.

Kitu kinachotofautisha petroli hizi mbili huitwa oktani, na hapo ndipo upotofu mwingi huanzia. Watu hudhani kwamba nambari ya oktani hupima nguvu iliyomo ndani ya petroli, kama vile idadi ya vijiko vya sukari ndani ya chai. Sivyo. Lita moja ya oktani 91 na lita moja ya oktani 95 hutoa joto linalokaribiana sana zinapochomwa. Oktani hupima jambo jingine: uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo na joto bila kuwaka yenyewe kabla ya zamu yake. Kipimo hicho kilitungwa Marekani katika miaka ya 1920. Kimiminika kimoja chenye uvumilivu mwingi, isooktani, kilipewa nambari 100. Kingine kisicho na uvumilivu, heptani, kilipewa sifuri. Petroli ya oktani 91 ni ile inayovumilia sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 91 za kwanza na sehemu 9 za pili.

Ndani ya injini mambo huenda hivi. Pistoni inapopanda husonga mchanganyiko wa hewa na petroli katika nafasi ndogo. Plagi hutoa cheche, na moto husafiri kwa utaratibu kutoka kwenye plagi hadi pembeni, safu kwa safu, kama kikosi katika gwaride. Ikiwa petroli haina uvumilivu wa kutosha, ile sehemu iliyobaki pembeni, ambayo moto haujaifikia, huripuka yenyewe yote kwa mara moja. Mshindo huo husikika kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Kugonga kidogo kwa nadra, dereva anapokanyaga mafuta ghafula, hakuvunji injini. Kugonga kunakoendelea ndiko kunakotoboa pistoni na kuunguza gasketi ya kichwa cha injini, na hapo gharama ya petroli huonekana kuwa mchezo wa watoto.

Kwa hiyo petroli ya oktani ya juu ni kinga dhidi ya kugonga. Injini isiyogonga haihitaji kinga hiyo; ikipewa, haikimbii zaidi wala haipunguzi ulaji wake. Yafaa kutaja, kwa haki, kwamba baadhi ya petroli za bei ya juu hutiwa pia dawa ya kusafisha njia za mafuta, na tangi moja au mawili yake huweza kufaa kabureta iliyochafuka kidogo. Lakini masizi yaliyojijenga kwa miaka ishirini juu ya pistoni hayaondolewi kwa namna hiyo.

Mgandamizo wa injini ndio unaoamua ni oktani gani itakayotosha. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilisonga mchanganyiko wake mara 7 hivi, na Land Rover za zamani za petroli mara 7 au 8. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya petroli duni ya wakati wao, na kuzinywesha petroli ya bei ya juu ni kumpa ng'ombe mkate. Injini ya Peugeot 504 husonga zaidi, kati ya mara 8 na 9 kwa aina nyingi zilizotumia kabureta. Toyota za Japani za miaka ya 1990, ambazo zimejaa Kampala na Nairobi, husonga mara 9 hadi 10, lakini zilibuniwa kwa petroli ya kawaida ya nchini kwao, ambayo sheria ya viwango vya huko huitaka iwe na oktani isiyopungua 89. Mwenye Corolla ya namna hiyo anayenunua petroli ya bei ya juu kila wiki hulipia kitu ambacho waliolitengeneza gari hawakukiomba.

Wako wanaokinyanyua kitabu cha gari na kusoma nambari isiyolingana na pampu. Askari mmoja aliyepata mafunzo Marekani alirudi akisimulia kwamba huko petroli ya kawaida ni ya oktani 87, na kwamba kwa hiyo kila petroli ya Afrika ya Mashariki ni ya hali ya juu. Lakini Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili, ambapo Ulaya, Japani na Afrika ya Mashariki huandika kile kimoja kilicho kikubwa zaidi. Ile 87 ya Marekani ni kama 91 au 92 ya pampu za huku. Tofauti ni ya namna ya kupima, wala petroli si mbaya zaidi.

Sababu nyingine inayotajwa na wenye motokaa kuukuu ni risasi. Risasi hiyo haitoki bundukini, ijapokuwa ni madini yale yale. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi katika maabara ya General Motors, aligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa kidogo ndani ya petroli huondoa kugonga. Kwa miongo mingi dunia nzima ilichoma risasi hiyo, ikatoka kwa moshi, ikaingia katika mapafu ya watu na hasa katika bongo za watoto. Japani ilianza kuuza petroli ya kawaida isiyo na risasi mwaka 1975. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani kwa magari ya barabarani, iliacha mwaka 2021.

Risasi ilikuwa na kazi ya pili: ilifunika viti vya valvu kwa utando uliovizuia kulika. Injini za zamani zenye kichwa cha chuma cha kawaida, ambazo viti vyake vilichongwa humo humo katika chuma hicho, kama zile za Morris Minor na Mini za Uingereza, huweza kulika viti vya valvu zikienda mwendo wa kasi kwa muda mrefu bila risasi. Dalili yake ni nafasi ya valvu kupungua kila inapopimwa. Dawa ya kudumu ni fundi kutia viti vigumu wakati kichwa kitakapofunguliwa. Peugeot 504 na Volkswagen zina vichwa vya aluminiamu, na aluminiamu ni laini mno kuwa kiti cha valvu. Viti vyake vilitiwa kutoka kiwandani, vya chuma kigumu zaidi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: petroli ya bei ya juu ya siku hizi haina risasi pia. Anayeinunua ili kulinda valvu hailindi hata moja.

Sajini aliyasikia hayo kutoka kwa fundi mzee aliyekuwa na karakana chini ya mwembe, si mbali na soko. Fundi hakufungua kitu kwanza. Aliuliza.

"Afande, lilianza kugonga lini?"

Sajini alifikiri. Lilianza baada ya kutiwa plagi mpya mahali pengine, ambapo kijana mmoja alilegeza distribyuta, akaizungusha, na kusema kwamba sasa gari litakuwa jepesi. Na kweli lilikuwa jepesi kwa siku mbili.

"Basi afande amekuwa akilipa faini ya kosa la mtu mwingine," alisema fundi.

Cheche zilikuwa zimesogezwa mbele kupita kiasi, zikitoka mapema kabla pistoni haijafika mahali pake, na injini ilijipiga yenyewe. Fundi alichukua taa yake ya kupimia, akalinganisha alama, akairudisha distribyuta kiasi cha upana wa ukucha. Kisha akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawa na nusu ya njia zake zilikuwa zimeziba. Injini yenye joto kupita kiasi hugonga hata ikinyweshwa petroli bora. Kazi hizo mbili pamoja zilichukua asubuhi moja, na malipo yake hayakufikia ziada ya miezi miwili ya petroli.

Baada ya hapo sajini aliacha tangi likaribie kwisha, akatia petroli ya kawaida, akapanda mlima kwa gia ya nne huku amekanyaga mafuta na dirisha likiwa wazi. Hilo ndilo jaribio ambalo kila mwenye gari aweza kulifanya bila ya chombo cho chote, mradi barabara iwe tupu. Hakusikia kopo la changarawe. Jaribio likifanywa na kugonga kukasikika hata baada ya cheche, rejeta na plagi kukaguliwa, basi hapo injini yenyewe imesema inataka oktani ya juu, na ipewe.

Jirani yake, konstebo mwenye Corolla, alipatwa na kisa kilichofanana kwa sauti tu. Gari lake halikuwa na kasoro; liligonga siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa ile aliyonunua petroli rahisi kando ya njia. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana, na yakichanganywa katika petroli huishusha nzima. Ulaghai huo ni wa siku nyingi. Kenya, mwaka 2018, ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Gari likianza kugonga ghafula mara tu baada ya kujazwa, kituo kile kiachwe na stakabadhi ihifadhiwe.

Bibi wa sajini naye alikuwa na shauri lake, wala halikuhusu oktani. Mume wake alikuwa ameweka jerikeni la petroli ya bei ya juu katika stoo, hatua tatu kutoka jiko la makaa, kwa ajili ya dharura. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji mpaka uonane na moto. Jerikeni liliondoka siku ile ile, na hakuna aliyejadiliana naye.

Liko jambo moja ambalo fundi alilisema mwishoni, na ambalo sajini alikaribia kulisahau. Jinja iko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Injini huvuta hewa kidogo zaidi, mgandamizo halisi hupungua, na hamu ya kugonga hupungua nao. Ndiyo maana motokaa kuukuu yenye kabureta hustarehe na petroli ya kawaida huko Kabale, karibu mita 2,000, ambapo pwani ingelalamika. Nguvu nazo hupungua, karibu sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000, na hakuna petroli ya pampu yo yote inayoweza kuzirudisha. Watu wa milimani wanaosema gari limechoka, mara nyingine gari halijachoka, linakosa hewa.

"Afande akienda pwani," fundi alisema, "ashuke na gari hili kama anavyoshuka na mtoto asiyejua kuogelea."

Mwezi wa Desemba walikwenda. Ndugu ya bibi alikuwa akiozesha Mombasa, na Peugeot ilibeba watu wazima watatu, watoto wanne na mizigo juu ya paa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Walipita Malaba na Eldoret, wakapanda Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,500, ambapo gari lilitambaa kwa gia ya pili na kutoa moshi mweusi kidogo, lakini halikugonga. Nairobi walilala. Kuteremka kwenda Voi na Mariakani hakukuwa na tatizo, kwa maana mteremko hauitaabishi injini. Harusi ikafanyika, wakala pilau, wakaaga.

Siku ya kurudi, wakati wa adhuhuri, walianza kuukwea mlima wa Mazeras. Joto lilikuwa kali, mizigo ilikuwa imeongezeka kwa zawadi na nazi, na bahari ilikuwa bado karibu nyuma yao. Injini ikaanza kugonga, changarawe ndani ya kopo, sauti ile ile ya mwaka uliopita. Sajini alinyamaza. Alijua kwamba akisema neno juu ya pampu ya pili litaingizwa katika daftari. Alishuka gia moja, akapunguza mafuta, na kugonga kukapungua.

Bibi ndiye aliyesema kwanza. "Fundi alisema nini juu ya pwani?"

"Alisema hewa ya chini ni nzito."

"Basi kituo cha mbele kikiwa na ile ya bei ya juu, tia."

Kituo cha kwanza hakikuwa nayo. Waliendelea taratibu, kwa gia ya tatu, dereva akiwapisha malori yaliyompigia honi, mpaka walipopata kituo chenye pampu mbili. Alitia lita 30. Kutoka hapo hadi Voi injini ilikuwa kimya, hata penye miinuko. Walipofika Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, tangi lilikuwa karibu tupu, na sajini akasimama mbele ya pampu ya kawaida bila kuambiwa.

Katika daftari la mwezi ule, chini ya safari, bibi aliandika lita 30 za bei ya juu, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: Mazeras, lazima. Mstari uliofuata ulikuwa karo ya muhula wa kwanza, nayo ilikuwa imelipwa yote.